"Subiri Kidogo" Yashika Namba Moja

Msomaji, tuliachana redio ikiwa imekata kauli.

Mtangazaji Brayan alikuwa ameshasoma nyimbo tisa, kuanzia namba kumi hadi namba mbili. Wimbo wa Korona Jazz haukuwemo. Akavuta pumzi, akasema, "Na namba moja wiki hii ni..." Hapo hapo betri zikafa.

Kwenye baraza ya ukumbi wa shamba la mkonge, Kilosa, watu saba waliitazama ile redio kama wanaomtazama mgonjwa mahututi.

Aliyeipakata ni Melkizedek, kiongozi na mpiga solo wa Korona Jazz. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na moja, asubuhi aliendesha korona, ile mashine ya kukwangua mkonge iliyoipa bendi jina, na mwisho wa juma alipiga gitaa la shamba. Gitaa, ngoma, spika, hata kofia za wapiga tarumbeta, vyote vilikuwa mali ya shamba. Na shamba, tangu lilipobinafsishwa mwaka uliopita, lilikuwa mali ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Walimtuma meneja, Bwana Yeremia. Naye alibandika barua kwenye mlango wa ukumbi. Wasomaji wa siku nyingi mnaikumbuka, wageni isomeni:

"Kanda mpya ya bendi ikiingia katika nyimbo kumi bora za redio kabla ya mwisho wa mwezi, vyombo vitabaki kwa wafanyakazi. Isipoingia, vyombo vitauzwa na ukumbi utakuwa ghala la mbolea."

Jumamosi hiyo mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa. Chati nyingine isingesomwa kabla ya hapo. Ama Korona Jazz walikuwa namba moja, ama hawakuwepo kabisa.

"Zing'ate," alisema Agnesi.

Agnesi alikuwa mwimbaji wa bendi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alizoea kutiiwa. Melkizedek alizichomoa betri. Meno yalikuwa yamebaki machache na kila moja lilikuwa na kazi yake, lakini alizing'ata zote nne, moja baada ya nyingine, akazirudisha.

Redio ikakohoa.

"...'Subiri Kidogo'!" alipiga kelele Brayan. "Narudia, namba moja ni 'Subiri Kidogo'!"

Mathias mpiga ngoma alimkumbatia mpiga besi ambaye walikuwa hawajasemeshana tangu Pasaka. Agnesi alikaa chini, akavua viatu. Kwa maana nani Kilosa asiyeijua "Subiri Kidogo"? Ndio wimbo wa kwanza wa kanda yao mpya, ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, ule ambao kiitikio chake kinaimbwa hata na watoto wakichota maji: "Subiri kidogo, Generoza, subiri kidogo, barua iko njiani."

Melkizedek peke yake hakusimama. Kuna kitu kilimkwaruza, kama uzi wa mkonge unapoingia kwenye kidole. Alikuwa bado anakitafuta ni kitu gani wakati redio ilipoanza kupiga wimbo wenyewe.

Halikusikika gitaa. Kilisikika kishindo kama cha mtu anayepigilia bati, kisha kijana akaanza kuongea upesi upesi kama dalali mnadani.

"Wamekosea kanda," alisema Mathias.

"Hao ni Vichwa Viwili kutoka Dar es Salaam!" alisema Brayan juu ya kishindo. "Wiki jana walikuwa namba ishirini na sita! Na kadi za kura zilizowapandisha, amini usiamini, zimetoka Kilosa!"

Betri zikafa tena. Safari hii hakuna aliyeomba zing'atwe.

*

"Kaka Melki," alisema Agnesi, polepole. "Kwenye kasha la kanda yetu, wimbo wa kwanza umeandikwa nini?"

"'Barua ya Generoza'."

"Nani aliyeandika?"

"Mimi."

"Mimi nilisema tuuite nini?"

Melkizedek alifuta vumbi kwenye redio.

"Nilisema tuuite 'Subiri Kidogo'. Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia kiitikio si jina," alisema Melkizedek. "Wimbo ni kama mtu. Mtu huitwa jina la ubatizo, haitwi kwa maneno anayopenda kuyasema."

"Basi mwanao amebatizwa, na hakuna anayemjua."

Mara baiskeli iliingia uwanjani kwa kasi. Juu yake alikuwa Saibulu, mfugaji kutoka mbugani, shuka lake likipepea. Saibulu alikuwa na ng'ombe wengi na redio mbili, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosa dansi la Korona Jazz. Alisimamishwa na ukuta kwa sababu baiskeli haikuwa na breki.

"Shikamoo, Mzee! Tumeshinda!"

"Marahaba. Saibulu, wewe ulituma kadi?"

"Kadi?" Saibulu alicheka. "Mia tatu na kumi na mbili! Naishorua binti yangu ameandika mpaka kidole kimevimba. Mnadani nilimwambia kila mtu: leta jina lako, leta la mkeo, leta la mama mkwe. Masanze wametoa, Malolo wametoa. Hata watu ambao tuna kesi nao ya mahindi wametoa. Nikawaambia kesi ipo Jumatano, kadi ni leo."

"Mliandika wimbo gani?"

"Wimbo gani tena? 'Subiri Kidogo'."

"Na jina la bendi?"

"Bendi gani?"

"Yetu!"

Saibulu alimtazama kwa huruma. "Mzee, kadi yenyewe ni ndogo. Umwamkie mtangazaji, maana hujui umri wake, unaanza na shikamoo. Umuulize habari za nyumbani. Umuulize ng'ombe. Uwasalimie ndugu zako wa Dumila na Morogoro. Ukimaliza hapo umebaki na mstari mmoja. Ndio tunaweka 'Subiri Kidogo'."

"Mtangazaji ana ng'ombe?" aliuliza Mathias.

"Sijui. Ndiyo maana tulimuuliza."

Melkizedek alimweleza. Alimweleza taratibu, kama daktari, na Saibulu alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Halafu akaishika baiskeli yake kama mtu anayehitaji kushika kitu.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "nimewapeleka watoto wa Dar es Salaam namba moja."

"Wewe na Naishorua," alisema Agnesi.

*

Mambo hayakuishia hapo. Kabla jua halijazama, watu waliosikia jina la wimbo tu walikuwa wanapita ukumbini kutoa pongezi. Kadiri Melkizedek alivyokanusha ndivyo walivyomsifu kwa unyenyekevu.

"Hongera sana, Mzee Melki! Kesho tuko wote Mikumi!" alisema mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mwenye busara zake.

"Mikumi kuna nini?"

"Aa, Mzee, unanificha na mimi? Si mnapiga!" Mwalimu alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Iliandikwa kwa wino mwekundu: JUMAPILI SAA NANE MCHANA, UWANJANI MIKUMI. ANA KWA ANA NA NAMBA MOJA, "SUBIRI KIDOGO". MSHEREHESHAJI NI BRAYAN WA REDIO.

Melkizedek aliisoma mpaka chini. Macho yake yalisimama kwenye jina la Brayan.

"Agnesi," alisema, "huyu ndiye mwenye kalamu. Kadi zikihesabiwa upya, tumeokoka. Asubuhi tunakwenda Mikumi."

"Tukampige?"

"Tukamwelimishe."

Waliondoka na basi la kwanza, Melkizedek, Agnesi na Saibulu. Basi lilikuwa limejaa watu wa Kilosa waliokwenda kuwaona Korona Jazz. Walifurahi mno kusafiri na Korona Jazz. Mama mmoja alimwachia Agnesi kiti chake, akamwomba asiichoshe sauti. Agnesi alikaa. "Ukweli unaweza kusimama," alimwambia Melkizedek, "mimi magoti yananiuma."

*

Walimkuta Brayan nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya spika, anakula chipsi. Hakuzidi miaka ishirini na minne. Miwani ya jua ilikuwa kichwani na si machoni.

"Mambo vipi, Mzee?"

Melkizedek alisimama kimya. Aliendelea kusimama. Brayan akatafuna, akafikiri, akashuka kwenye spika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mimi ni Melkizedek wa Korona Jazz. Umetuibia kura. Najua hukukusudia."

Alimweleza yote. Brayan hakubisha. Aliinama chini ya meza, akavuta mfuko wa sandarusi, akamwaga kadi mezani. Saibulu aliutambua mwandiko wa binti yake, akaitikia kwa kichwa kama aliyekutana na jamaa ugenini.

"Kumbe ndio nyie!" alisema Brayan. "Tulishangaa ofisini. Tukasema hawa Vichwa Viwili wamewapataje wafugaji? Na hii habari ya ng'ombe, tulidhani ni fumbo."

"Sasa limefumbuliwa. Hizi tuhesabie sisi."

"Mzee wangu, haiwezekani. Sisi tunahesabu jina la wimbo. Hatuhesabu nia."

"'Barua ya Generoza' ilipata ngapi?"

Brayan alifungua daftari. "Moja."

"Moja?"

"Kutoka Dumila. Ameandika, 'Utunzi uliokomaa, gitaa lisilo na mfano.' Amesaini 'Mpenzi wa Muziki'."

Agnesi aligeuka polepole, akamtazama kiongozi wake.

Melkizedek alikohoa. "Namfahamu," alisema.

"Mzee, nikibadilisha leo, hawa vijana wangu nitawaambia nini? Gazeti limeshaandika. Nipelekee malalamiko kwa barua, kikao kikae, mwezi ujao labda..."

"Mwezi ujao gitaa langu litakuwa limeuzwa, na mahali ninaposimama kupiga kutakuwa na gunia la mbolea."

Nyuma yao mtu aliita kwa sauti ya furaha:

"Shikamoo, Mzee Melkizedek!"

Alikuwa Bwana Yeremia, meneja wa shamba. Miezi minane alikuwa amekaa Kilosa, mtu wa miaka arobaini, na hakuwahi kumwamkia mzee yeyote wa kambini. Melkizedek alichelewa kuitikia kwa sababu alidhani anaamkiwa mwingine.

"Marahaba, Bwana Meneja."

"Nimesikia jina la wimbo kwenye gari jana, natoka Iringa, mawimbi yakakatika! Namba moja! Mimi niliomba kumi bora, nyie mmeniletea namba moja. Wenye shamba nimewapigia simu, wamefurahi. Barua hii hapa." Aliipunga. "Nimeshaandika: vyombo vibaki. Naisaini mbele ya umma. Njoo jukwaani."

Akamshika mkono. Melkizedek alijikuta anapanda ngazi. Nyuma yake alimsikia Agnesi akisema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, Kaka Melki. Leo tu. Nakuomba, nyamaza."

*

Uwanja ulikuwa umejaa, na kwa kweli ulijaa Kilosa. Kulikuwa na watu wa Masanze, watu wa Malolo, mashuka mekundu ya mbugani, na kwaya nzima ya kanisa iliyokuja moja kwa moja kutoka ibadani, bado imevaa majoho. Walipomwona Melkizedek walipiga vigelegele. Vichwa Viwili, vijana wawili wembamba wenye suruali pana, walikuwa pembeni ya jukwaa wakidhani vigelegele ni vyao. Wakapunga mikono.

Yeremia alipokea maikrofoni.

"Ndugu wananchi! Watu wanasema ubinafsishaji umeua michezo, umeua muziki. Leo hii bendi ya shamba letu imeshika namba moja nchi nzima! Mzee Melkizedek, waambie mwenyewe."

Maikrofoni ikaja mkononi mwake.

Melkizedek alitazama barua. Wino ulikuwa umekauka. Pale chini palikuwa na nafasi ya saini, na kalamu ilikuwa kwenye vidole vya meneja. Angesema "asanteni" tu, neno moja, gitaa lingebaki. Angeweza hata asiseme neno, akainama kidogo kama wasanii wanavyoinama.

Lakini mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, kwa kibatari, katika darasa la ngumbaru, huwa na ugonjwa mmoja: haachi kosa lipite.

"Ndugu zangu," alisema. "Kadi ni zetu. Wimbo si wetu."

Vichwa Viwili wakashusha mikono.

"'Subiri Kidogo' ni wimbo wa hawa vijana. Wimbo wetu unaitwa 'Barua ya Generoza'. Haumo kwenye chati. Umepata kadi moja. Na hiyo moja nimeiandika mimi."

"Mzee, kaa chini!" ilisikika sauti kutoka katikati. "Tumeshinda!"

"Mzee, unatuharibia!" Sauti hiyo ilikuwa ya Saibulu.

Yeremia alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa meno peke yake. Kalamu ilirudi mfukoni.

Hapo Brayan akaruka jukwaani. Tusimdharau kijana huyu. Hakujua chati inavyohesabiwa kwa haki, lakini umati aliujua. Aliichukua maikrofoni.

"Kilosa! Nani alituma kadi kwa ajili ya Korona Jazz? Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Ilipanda ya Masanze, ikapanda ya Malolo. Ikapanda na fimbo za mbugani, na kwaya ikanyoosha mikono yote miwili kwa mazoea. Brayan hakuhesabu, maana hapakuwa na haja.

"Nani alituma kwa ajili ya Vichwa Viwili?"

Mikono miwili ilinyooshwa, pembeni ya jukwaa. Ilikuwa ya Vichwa Viwili wenyewe.

"Basi mimi Brayan natamka mbele yenu na mbele ya Bwana Meneja," alisema mtangazaji, "na nitarudia redioni Jumamosi: namba moja ilikuwa ya Korona Jazz. Kosa ni letu. Makofi kwa mzee mkweli!"

Msomaji, makofi hayo waliyasikia mpaka kituo cha basi. Vichwa Viwili nao walipiga, wakimtazama mzee kwa adabu, kisha mmoja wao akauliza kama yale maneno ya "Generoza, subiri" wanaweza kuyaazima. Agnesi alikuwa analia, huku akimtukana Melkizedek kwa Kisagara. Saibulu aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba yeye tangu mwanzo alijua.

Yeremia aliinua mkono, akaomba utulivu. Alionekana mtulivu kuliko wote.

"Nimeona," alisema kwenye maikrofoni. "Ahadi ni ahadi. Vyombo vitabaki!"

Kelele zikalipuka upya. Katikati ya kelele hizo alimvuta Melkizedek kando, nyuma ya spika, akaweka barua juu ya kasha, akaandika mstari mmoja chini ya mstari wa kwanza. Kisha akasaini jina lake.

"Mzee," alisema, na sasa hakuamkia, "niliwapigia simu wakubwa wangu nikawaambia namba moja. Wewe umenisahihisha mbele ya watu mia sita."

"Nilisema kweli, Bwana Meneja."

"Ndiyo. Na mimi siwezi kuuza vyombo tena, maana watu wameona. Lakini vyombo ni vya wafanyakazi wa shamba. Soma, halafu uweke saini yako hapo. Usipoweka, na hii ya juu haina nguvu."

Melkizedek alivaa miwani. Karatasi ilikuwa na maneno manne tu:

*Vyombo vibaki. Melkizedek astaafu.*

Alisoma mara ya pili: mstaafu si mfanyakazi, na gitaa ni la wafanyakazi. Kwenye mwandiko hapakuwa na kosa hata moja.

Saibulu alitokea nyuma ya spika, jasho linamtiririka, furaha imemjaa usoni. Hakujua kusoma, na hakuwahi kuona haya kuuliza.

"Mzee! Karatasi inasemaje?"

Meneja alinyoosha mkono, kalamu ikielekezwa kwa mzee. Huku mbele ya jukwaa watu walikuwa wameshaanza wenyewe, bila gitaa wala ngoma, kuimba kile kiitikio.

"Inasema tumeshinda," alisema Melkizedek.

Kalamu alikuwa bado hajaipokea.